Koki ya Umeme Ipi Inafaa Tangi la Usharika? Somo kutoka Kibaha na Kisarawe



Katika robo hii tumeona vema somo letu liwe juu ya kitu kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja, lakini chenye uwezo wa kusimamisha mradi mzima wa maji. Kitu hicho ni koki inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme.

Miaka ya nyuma ilitosha kamati kujua habari za pampu, tangi na bomba. Siku hizi vituo vingi vya kuchotea maji vinatumia malipo ya kabla, ambayo wananchi wengi wanayaita "luku ya maji". Mama anagusisha kadi, koki inafunguka, ndoo inajaa, koki inajifunga. Hakuna anayekaa na fedha za maji mfukoni, wala hakuna anayeacha bomba likimwagika. Ndani ya kituo cha namna hiyo kuna koki ya umeme. Koki hizo zipo pia kwenye matangi yanayojazwa yenyewe na kwenye bustani za umwagiliaji wa matone.

Jambo tunalotaka kila kamati ilishike ni hili: koki ya umeme haichaguliwi kwa bei wala kwa jina la kiwanda. Huchaguliwa kwa kuangalia presha ya maji ya mahali inapofungwa, na kwa kujua itafanya nini umeme ukikatika. Tumejifunza hayo kwa gharama, na si haki gharama hiyo ilipwe tena na usharika mwingine.

1. Kilichotupata Kisarawe

Wilaya ya Kisarawe imesumbuka kwa maji muda mrefu. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ruvu katika mji wa Kisarawe kupitia Kibamba ulizinduliwa Juni 2020 na Rais John Magufuli, na umebadili maisha ya watu wa mjini. Lakini vijiji vilivyo mbali na mtandao huo bado vinategemea visima, malambo na maji ya mvua.

Katika kijiji kimojawapo, usharika wetu ulichimba kisima na kuweka tangi la lita 5,000 juu ya mnara wa mita 3. Pampu ni ya sola. Chini ya mnara tukajenga kituo cha kuchotea kinachotumia kadi. Kwa koki ya umeme tulipata ankara kifani mbili, na moja ilikuwa karibu nusu ya bei ya nyingine. Koki zote mbili zilikuwa za inchi moja, zote za volti 12, na zote muuzaji alisema ni za maji. Tulichagua ile ya bei nafuu. Aliyeidhinisha kwa saini ni mimi mwandishi wa somo hili.

Koki ilijaribiwa mjini kwenye bomba la dukani, ikafanya kazi vizuri kabisa. Ilipofungwa kijijini, siku ya kwanza tangi likiwa limejaa, maji yalitoka kama uzi. Kufikia saa nne asubuhi hayakutoka tena, na tangi lilikuwa bado na maji zaidi ya nusu. Akina mama walikuwa wamekwisha kununua kadi. Fundi alibadilisha betri, akasafisha chujio, akafungua koki na kuifunga tena. Koili ilikuwa ya moto, maana yake umeme ulikuwa unafika. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali ambalo sijalisahau: "Mratibu, maji tunayaona, umeme tunauona, sasa kinachokosekana ni nini?"

Kilichokosekana ni presha. Jibu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa koki kwa maandishi madogo: bar 0.5 hadi 10. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma.

2. Koki ya solenoidi inavyofanya kazi

Koki iliyo ya kawaida zaidi madukani ni ya solenoidi. Ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, ndiyo koili. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku na kuvuta juu mchi mdogo wa chuma. Umeme ukiondoka, springi inaurudisha mchi chini. Nyingi zimetengenezwa zikae zimefungwa mpaka umeme uje. Zipo pia zinazokaa wazi mpaka umeme uje, kwa hiyo ni lazima kutaja unataka ipi. Kwa namna zinavyofungua njia ya maji, zimegawanyika katika makundi matatu.

(a) Inayofungua moja kwa moja. Mchi wenyewe ndio unaoziba tundu la maji. Koki hii haidai presha yoyote, hata maji yanayotiririka kwa uzito wake yenyewe yanapita. Udhaifu wake ni kwamba sumaku ndogo haiwezi kuinua kizibo kikubwa, kwa hiyo tundu lake ni dogo. Kwa kituo cha kuchotea, ndoo itachukua muda mrefu kujaa na foleni itakuwa ndefu.

(b) Inayosaidiwa na presha ya maji. Hapa njia kubwa ya maji imezibwa na kiwambo cha mpira. Mchi unafungua kitundu kidogo tu juu ya kiwambo, kisha presha ya maji yenyewe ndiyo inayokiinua. Kwa njia hiyo koili ndogo inafungua bomba kubwa, na ndiyo sababu koki hizi ni za bei nafuu. Koki ya mashine ya kufulia nguo ni ya aina hii, na nyingi za umwagiliaji pia. Lakini maji yasipokuwa na presha ya kutosha, hakuna cha kuinua kiwambo. Nyingi zinahitaji bar 0.3 hadi 0.5 kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea.

(c) Ya kati. Kiwambo kimeunganishwa na mchi, hivyo sumaku inasaidia kukiinua hata presha ikiwa sifuri. Inapitisha maji mengi kuliko ile ya kwanza, ila koili yake ni kubwa na inakula umeme zaidi.

Koki tuliyonunua Kisarawe ilikuwa ya kundi (b). Haikuwa mbovu. Ilikuwa koki nzuri iliyofungwa mahali pasipoifaa.

3. Hesabu ambayo kila kamati inaweza kuifanya

Kwa maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi, presha inatokana na kimo tu. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 yanatoa presha ya karibu bar 1. Kwa hiyo kila mita moja ni bar 0.1. Ukubwa wa tangi kwa lita hauongezi presha.

Tuitazame Kisarawe kwa hesabu hiyo. Kitako cha tangi kiko mita 3 juu ya ardhi. Koki ilifungwa nusu mita juu ya ardhi. Tangi likikaribia kwisha, kimo cha maji juu ya koki ni mita 2.5, yaani bar 0.25. Tangi likiwa na maji ya kina cha mita 2, kimo ni mita 4.5, yaani bar 0.45. Na hapo hatujatoa presha inayopotea katika bomba na viungo maji yanapotembea. Koki inadai bar 0.5. Kwa hesabu hii, isingefunguka sawasawa siku yoyote ya mwaka, tangi liwe limejaa au la. Ili kuifikia presha hiyo tungehitaji mnara wa mita 6 au zaidi, na gharama ya nondo na saruji ingezidi kwa mbali tofauti ya bei ya koki.

Kama bomba linatoka kwenye mtandao na hujui presha yake, fundi afunge kipima presha na asome asubuhi, mchana na usiku. Andikeni kipimo cha chini kabisa. Hicho ndicho cha kumpelekea muuzaji.

4. Koki ya tufe yenye mota

Aina nyingine kubwa ni koki ya tufe inayozungushwa na mota ndogo. Ndani kuna tufe lenye tundu katikati. Tundu likielekea bomba, maji yanapita. Likizungushwa robo mzunguko, maji yanazibwa. Ni koki ile ile ya mkono tunayoifahamu, ila mkono umebadilishwa kwa mota.

Haihitaji presha yoyote ili ifunguke. Tundu lake linaweza kulingana na bomba, kwa hiyo maji hayabanwi, na chembe za mchanga zinapita bila kuziba kitundu chochote. Umeme inautumia wakati wa kugeuka tu. Ikishafunguka au kufunga, inakaa hapo bila kula kitu. Kwa mabomba makubwa kabisa hutumika koki ya bamba la duara, nayo yenye mota, kwa kuwa tufe la ukubwa huo huwa zito na ghali.

Udhaifu wake ni bei, na polepole yake. Nyingi huchukua sekunde 5 hadi 15 kufunga. Kwenye kituo cha kadi, maji yanayopita wakati koki inajifunga ni lazima yahesabiwe na mita, la sivyo kituo kinagawa maji ya bure katika kila ndoo. Udhaifu wa tatu ni mkubwa zaidi, nao tuliujua Kibaha.

5. Kilichotupata Kibaha: umeme ukikatika

Kibaha iko katika hali tofauti. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, uko Mlandizi, na baada ya upanuzi wake una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Penye mtandao wa DAWASA tatizo huwa si kimo cha mnara. Maji huja na presha yake.

Katika usharika mmoja wa huko tulikuwa na tangi la shule ya chekechea linalojazwa kutoka kwenye mtandao. Baada ya yaliyotukuta Kisarawe, tulisema sasa tumejifunza, tukaweka koki ya tufe yenye mota pamoja na kifaa cha kuhisi maji yakifika juu. Usiku mmoja umeme ulikatika koki ikiwa wazi. Mota ilisimama, koki ikabaki wazi, tangi likafurika hadi asubuhi. Ankara ya maji ya mwezi ule ilikula fedha zilizotengwa kwa ajili ya uji wa watoto.

Hapo tulijifunza mambo mawili. La kwanza, koki ya solenoidi iliyotengenezwa kukaa imefungwa hujifunga yenyewe umeme ukipotea, lakini koki ya mota ya kawaida hubaki ilipo. Zipo koki za mota zenye springi au akiba ndogo ya umeme ya kuirudisha kwenye kufunga. Ni lazima uiombe hivyo, nayo ina bei yake. Vivyo hivyo ipo solenoidi ya msukumo, inayopokea umeme kwa kitambo kidogo tu, kisha sumaku ya kudumu inaishikilia. Inafaa sana kwa betri, lakini nayo hubaki ilipo umeme ukikosekana.

La pili ni chungu zaidi: pale Kibaha hatukuhitaji koki ya umeme hata kidogo. Koki ya boya, ile inayojifunga tangi likijaa kwa kuelea tu, ingefanya kazi ile ile bila waya wala betri. Ndiyo iliyopo sasa. Ndugu wanakamati, kabla ya kuuliza koki gani ya umeme, ulizeni kwanza kama umeme unahitajika.

6. Umeme wa sola hauvumilii koki yenye njaa

Tulipotafuta koki mpya ya Kisarawe tulikuwa na njia mbili: solenoidi ya kundi (c), au koki ya tufe yenye mota. Zote zingefunguka kwa presha yetu ndogo. Tuliamua kwa hesabu ya betri.

Tuseme kituo kinajaza ndoo 200 za lita 20 kwa siku, na kila ndoo inachukua dakika moja na nusu. Koki itakaa wazi saa 5. Solenoidi ya wati 15 inakula umeme muda wote ikiwa wazi, kwa hiyo kwa siku ni watisaa 75. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina watisaa 84 tu ikiwa mpya na imejaa. Inakaribia kukauka kila siku, na betri inayokaushwa hivyo haidumu.

Koki ya mota ya wati 5 inayotumia sekunde 10 kufungua na 10 kufunga, kwa ndoo hizo hizo 200, inakula watisaa zisizofika 6. Tulichagua ya mota, yenye akiba ya kujifunga umeme ukipotea. Mpaka sasa maji yanatoka, tangi likiwa limejaa au limebaki robo.

7. Mshindo wa maji

Maji yanayokimbia katika bomba refu yana uzito kama gari lililo kwenye mwendo. Ukiyasimamisha ghafla, yanagonga. Mrusi Nikolai Zhukovsky aliyachunguza hayo kwenye mabomba ya mji wa Moscow na kuchapisha matokeo yake mwaka 1898, na kanuni yake inatumika hadi leo. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla katika bomba la chuma, presha inaweza kupanda kwa bar 10 au zaidi kwa kitambo kidogo. Kwenye bomba la plastiki ni chini ya hapo, yapata bar 3 au 4, lakini bomba la daraja la PN 6 ambalo tayari limebeba bar 4 litakuwa limezidiwa.

Solenoidi inaweza kufunga kwa chini ya sekunde moja. Kwa hiyo penye bomba refu lenye presha kubwa, mkisikia mlio wa "ngo!" kila koki inapofunga, msiuzoee. Koki inayofunga polepole, kama ile ya mota, ndiyo dawa. Kumbe polepole ambayo ni kasoro kwenye ndoo ni faida kwenye bomba refu.

8. Mchanga, udongo na chumvi

Milima ya Pugu upande wa Kisarawe inajulikana kwa udongo mweupe wa kaolini, ambao ni laini mno. Maji yenye udongo laini au mchanga huziba kitundu kidogo cha solenoidi ya kundi (b), na koki inaweza kukwama ikiwa wazi au imefungwa. Kwa koili inayotumia umeme wa volti 230 wa majumbani, mchi ukikwama njiani koili hupata moto na inaweza kuungua. Fungeni chujio kabla ya koki, mahali ambapo mtu anaweza kulifikia bila ngazi, na mpangeni mtu wa kulisafisha kwa tarehe.

Visima vya ukanda wetu wa pwani vingine vina chumvi. Hapo mwili wa koki uwe wa chuma kisichoshika kutu, au plastiki imara. Mpira wa ndani uwe wa aina inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa. EPDM ni ya kawaida kwa kazi hiyo. Kwa koki iliyo nje kwenye mvua na vumbi, ombeni kinga isiyopungua IP65.

9. Mambo ya kuandika kabla ya kuomba bei

Kamati iandike kwenye karatasi moja, na muuzaji ajibu kila kipengele kwa maandishi:

1. Presha ya chini kabisa na ya juu kabisa mahali pa koki.
2. Ukubwa wa bomba, na ndoo ngapi zinatakiwa kwa saa.
3. Umeme uliopo: volti 12 au 24 za sola, au 230 za gridi.
4. Saa ngapi kwa siku koki itakuwa wazi.
5. Umeme ukikatika, koki ifunge, ifunguke, au ibaki ilipo?
6. Maji yana mchanga, udongo au chumvi?
7. Je, koili, mota na kiwambo vya akiba vinapatikana Dar es Salaam?

Aidha, kila koki ya umeme iwe na bomba la pembeni lenye koki ya mkono. Siku kifaa kikigoma, watu wapate maji wakati fundi anatafutwa. Na koki isikubaliwe kwa kujaribiwa dukani. Ijaribiwe kwenye tangi lenu, likiwa limebaki robo, mbele ya wanakamati wawili.

Kwa wahisani wetu

Hasara za koki hizi mbili tumeziandika katika taarifa za miradi husika kama zilivyotokea. Tunaomba mtuvumilie tunapoleta bajeti ambayo koki yake ni ghali kuliko mliyoiona mahali pengine, mradi imeambatana na karatasi ya mambo saba hapo juu. Na mkiona bajeti ya koki ya umeme isiyo na karatasi hiyo, tuulizeni kabla ya kutuma fedha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kutoka kitako cha tangi letu hadi kwenye koki ni mita ngapi? Ni bar ngapi tangi likikaribia kwisha?
2. Usiku wa leo umeme ukikatika, ni koki ipi kwetu itabaki wazi, na maji yatakwenda wapi?
3. Ipo koki ya umeme ambayo boya au mkono wa mtu ungetosha badala yake?
4. Nani anasafisha chujio, na mara ya mwisho lilisafishwa lini?

Kamati itakayojibu maswali haya imesimama kando ya tangi lake, futi mkononi, itakuwa imepata jibu la yule mzee kabla hajauliza.